Coaster iliyorudi nyuma kwenye feri ya Likoni: hendibreki nzima, gia ndani, na gari likatembea

Kisa hiki kililetwa gereji kwetu hapa Moshi kikiwa tayari kimeshahukumiwa. Mwenye gari alitaka nimwandikie karatasi kwamba dereva wake hakuvuta hendibreki, ili gharama ya bampa ya nyuma, taa mbili na kioo ikatwe kwenye mshahara. Dereva aliapa kwamba alivuta, na gia akaingiza. Gari lenyewe lilikuwa limerudi nyuma kama mita mbili juu ya feri, katikati ya mkondo wa Likoni, Mombasa, mama mmoja mtu mzima akiwa ndani, na lilipozuiwa lilikuwa limebakiza hatua chache kufika mwisho wa sitaha.

Nakieleza kwa urefu kwa sababu madereva wa huku mlimani hatukukulia kwenye maji. Tunavuka Likoni, tunavuka Kigamboni, wengine wanafika hadi Ukerewe, na karibu wote tunaamini alichoamini dereva huyu: ukishavuta hendibreki na kuingiza gia, gari limefungwa.

Safari ilikuwa ya harusi. Coaster ya kukodi ilipakia watu Moshi alfajiri, ikapita Himo, ikavuka mpaka Holili na Taveta, ikashika njia ya Voi hadi Mombasa, mwisho wa safari ukiwa Ukunda. Makaratasi yalikuwa sawa, pamoja na ile kadi ya njano ya COMESA inayobeba bima ya mtu wa tatu ukiwa nje ya nchi. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu inayokufikisha Kusini bila kugusa feri, na mwenye gari aliliuliza hilo kwa ukali: kwa nini hawakupita huko? Jibu ni jepesi. Walikuwa na shangazi wa bibi harusi wa kumchukua Mwembe Tayari na vitu vya kununua Marikiti. Wakishakuwa huko kisiwani Mombasa, feri iko pua na mdomo, na kurudi nyuma kuizunguka Dongo Kundu kungekula mafuta na muda. Hapo simwoni mwenye kosa.

Mtu asiyeijua feri ya Likoni aielewe kwanza, maana kisa chote kimo kwenye namna inavyofanya kazi. Mkondo wenyewe ni mwembamba, kama nusu kilomita hivi, lakini ndio mlango wa meli zote kubwa zinazoingia na kutoka bandari ya Kilindini. Kwa hiyo feri inakata njia ya meli kila inapovuka, na meli ikija feri ndiyo inayosubiri. Haigeuki. Ina milango ncha zote mbili, gari linapanda ncha moja na kushukia nyingine. Inapofika gatini haikai kufungwa kamba kama meli ya mizigo. Inaegemeza mlango wake kwenye mteremko wa zege na kuushikilia kwa nguvu ya injini huku watu na magari wakishuka na wengine wakipanda. Wanaotembea kwa miguu hawalipi, magari ndiyo yanayolipa. Umati ni mkubwa mno: wanafunzi, wafanyakazi, wauza samaki, mikokoteni ya maji, malori ya saruji, wote juu ya chuma kimoja, tangu alfajiri hadi usiku wa manane.

Chuma hicho ndicho cha kukitazama. Barafu ya samaki inayeyuka juu yake, madumu yanavuja, lori bovu linadondosha dizeli, na maji ya chumvi yanarukia mlangoni. Halafu sitaha si tambarare pote. Katikati ni sawa, lakini kuelekea kila ncha inainama kwenda kwenye mlango. Gari la mwisho kupanda mara nyingi ndilo linalokaa kwenye mwinamo huo, pua juu, matako chini. Coaster yetu ilikuwa ya mwisho kupanda.

Mhudumu wa feri aliwaambia abiria washuke, wakashuka. Shangazi alibaki kwenye kiti cha mbele kwa sababu ya goti. Dereva akavuta hendibreki, akaingiza gia ya kwanza, akazima injini, akashuka na kusimama pembeni ya mlango wa shangazi. Nyuma ya gari alikuwapo kijana na mkokoteni wa madumu ya maji. Feri ikaondoka. Katikati ya mkondo ikapunguza mwendo na kusimama, meli ya makontena ipite. Muda wote huo gari halikutikisika. Meli ilipopita, injini za feri zikapigwa kwa nguvu kwenda mbele, na papo hapo mawimbi ya meli yakaifikia. Hapo ndipo Coaster ilipoanza kurudi nyuma, si kwa kasi, bali taratibu na bila kusita. Watu wakapiga kelele, "Shika! Shika!", kana kwamba kuna mtu anayeweza kuishika Coaster kwa mikono. Ikaukandamiza mkokoteni, ikaupinda ekseli, na mhudumu mmoja akafanikiwa kusukumiza gogo kwa mguu chini ya tairi. Ikasimama. Shangazi alitolewa akiwa anatetemeka, hajaumia. Kijana wa mkokoteni aliruka pembeni kwa wakati.

Jamaa wa harusi walichanga hapo hapo, kijana akalipwa mkokoteni na maji yake. Kadi ya njano ingeweza kudaiwa, ila kwa kiasi kile hakuna aliyetaka kuanza safari ya makaratasi siku ya harusi. Uharibifu wa gari lenyewe kadi ile haiugusi, ndiyo maana ukarudi Moshi kama mzozo.

Hoja ya mwenye gari ilikuwa na mantiki. "Fundi, gari lenye hendibreki na gia haliwezi kutembea lenyewe. Ama hendibreki mbovu, ama huyu hakuivuta. Nipimie." Nikaipima. Tulilipandisha gari kwenye mteremko wa zege ulioko nje ya gereji, mkali kuliko sitaha ya feri yoyote, tukavuta hendibreki, gia ikiwa frii (haijaingizwa), watu wanne ndani. Halikusogea hata unywele. Tukaondoa hendibreki, tukaacha gia peke yake. Halikusogea. Mwenye gari akasema, "Sasa umeona mwenyewe." Kwa kipimo hicho dereva alikuwa amekwisha.

Kilichomwokoa ni simu. Dereva alikuwa amechukua namba ya yule kijana wa mkokoteni, nami nikaomba nizungumze naye, kwa sababu katika watu wote yeye ndiye aliyekuwa ameyakodolea macho matairi ya nyuma. Sikumuuliza kama hendibreki ilivutwa, angejuaje? Nilimwomba aniambie alichokiona. Akasema: "Kaka, mimi niliambia watu hapa wakanicheka. Tairi za kushoto zilikuwa zazunguka kwenda mbele, na gari lenda nyuma. Za kulia zilikuwa zaja nyuma na gari. Wallahi nimeona."

Hakuna uongo wa namna hiyo. Mtu anayetaka kutetea au kushitaki hatungi kitu cha ajabu kiasi hicho. Na kwa fundi yeyote anayeijua Coaster, maneno yale yanataja sehemu moja tu: difu.

Hendibreki ya Coaster za aina hii haishiki matairi ya nyuma moja kwa moja kama ya gari dogo. Dramu yake iko nyuma ya gia boksi, inaishika propela, yaani ule mhimili mrefu wa chini ya gari unaopeleka mzunguko kwenye matairi ya nyuma. Gia nayo ikiingizwa injini ikiwa imezimwa, inaishika propela hiyo hiyo. Ni kufuli mbili kwenye pete moja. Kutoka kwenye propela hadi kwenye matairi kuna difu, na kazi ya difu ni kuruhusu matairi ya kushoto na ya kulia yazunguke kwa mwendo tofauti gari linapokata kona. Propela ikisimama kabisa, difu bado inaruhusu kitu kimoja: upande mmoja uende mbele na mwingine urudi nyuma kwa kiasi kile kile.

Nikamwita mwenye gari aje aone kwa macho yake. Tuliinua nyuma yote kwa jeki mbili, tukaweka stendi, hendibreki imevutwa mpaka mwisho, gia ya kwanza ndani. Nikamwambia, "Mzee, zungusha la kushoto kwenda mbele." Akalisukuma kwa mkono mmoja, likazunguka laini kabisa, na la kulia likarudi nyuma. Alisimama pale muda mrefu. Akalizungusha tena. Kisha akachungulia ndani kuhakikisha hendibreki imevutwa kweli.

Barabarani jambo hili halionekani kwa sababu matairi ya pande zote mbili yana mshiko mzuri, hakuna upande unaokubali kuburuzwa. Kwenye mteremko wangu wa zege ilikuwa hivyo hivyo, ndiyo maana kipimo cha kwanza kilitudanganya. Juu ya feri, matairi ya kushoto yalikanyaga dizeli. Dereva alikumbuka harufu yake, na matairi yale mawili ya kushoto yalirudi Moshi yakiwa na utandu mweusi wa mafuta kwenye kingo za ndani, ambako vumbi la safari lilikuwa limeganda juu yake. Difu hugawa nguvu sawa kwa sawa, kwa hiyo upande dhaifu ndio unaoamua. Upande wa kulia ulikuwa na uwezo wa kushika zaidi, lakini haukuweza kutumia zaidi ya kile kilichopatikana kushoto.

Hesabu zake ni za makadirio yangu, ila zinatosha kuonyesha jambo. Tuichukulie Coaster bila abiria kuwa tani 3.5. Kwenye mwinamo wa 1 kwa 10 inavutwa kwenda chini kwa nguvu ya kama kilo 350. Nyuma kuna kama tani 2, yaani tani 1 kila upande. Chuma chenye dizeli na maji kikishika kilo 120 tu kwa kila tani, upande wa kushoto unatoa 120, na wa kulia unalazimika kutoa 120 vilevile. Jumla 240. Gari linateremka. Kwenye lami kavu, upande huo huo mmoja ungetoa mara tano au zaidi. Na breki ya mguu? Inashika matairi yote, kila moja kwa lake, bila kupitia difu. Ya mbele yaliyokuwa kwenye chuma cha maji tu, bila mafuta, pamoja na ya kulia nyuma, yangelishika gari hilo na akiba kubwa ikabaki.

Bado kuna swali: kwa nini lilitulia dakika zote zile kisha likaanza? Mwanzoni nilidhani ni feri iliposimama ghafla. Lakini gari lilikuwa limeelekea mbele. Feri ikifunga breki, gari linasukumwa mbele, yaani kupanda mwinamo, na hilo linasaidia. Hatari iko pale feri inapoanza tena. Injini zikipigwa, sitaha inatoka chini ya gari kwenda mbele, ncha ya nyuma inazama kidogo na mwinamo unaongezeka. Ongeza mawimbi ya meli yanayoinua na kushusha, na maji yaliyorukia mlangoni yakapita chini ya matairi yenye mafuta. Gari lililokuwa limeshikilia kwa kidogo likakosa hicho kidogo. Dereva anayelegea kwa sababu feri imetulia anakosea wakati. Utulivu ule ndio wa kurudi kwenye kiti.

Jambo lingine lililonisumbua zaidi kuliko yote ni abiria kushuka. Coaster imening'iniza viti vyake vya mwisho nyuma ya ekseli ya nyuma. Watu wakikaa huko wanayakandamiza matairi ya nyuma, yale yale yanayoshikwa na hendibreki. Wakishuka, na mtu mmoja akabaki kiti cha mbele, sehemu ya uzito inayobaki nyuma inapungua. Kwa hiyo gari lililotolewa watu linashika vibaya zaidi kwa hendibreki kuliko lililojaa. Nilipolisema hili kwenye kikao tulichokaa baadaye kumaliza mzozo, mzee mmoja akauliza kama basi ni afadhali watu wabaki ndani. Hapana. Hata kidogo. Watu washuke wote, na gari lishikwe kwa kitu kingine.

Kwa nini nasema hata kidogo, kila mtu anayevuka Likoni anajua. Tarehe 29 Septemba 2019, jioni ya Jumapili, gari dogo lilirudi kinyumenyume kutoka kwenye feri MV Harambee hapo hapo Likoni likatumbukia, mama na mwanawe wa miaka minne wakiwa ndani. Watu waliona, wengine walirekodi kwa simu, na hakuna aliyeweza kufanya lolote. Gari lilitolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha karibu mita 58. Sitaki kulinganisha chanzo cha msiba ule na kisa chetu, magari ni tofauti kabisa. Ninachokichukua ni kwamba gari likishapita ukingo wa sitaha, muda wa kufungua mkanda, kutafuta kitasa na kusukuma mlango dhidi ya maji haupo. Shangazi wa goti bovu ndiye mtu wa kwanza kushushwa, hata kwa kubebwa mgongoni, na akaletewa kiti cha plastiki.

Halafu kuna umati. Coaster ilipoanza kutembea, watu walikimbilia upande mmoja. Feri kubwa ya Likoni ilistahimili. Vyombo vidogo havistahimili, na sisi Watanzania hatuhitaji kuambiwa: MV Nyerere, chombo cha kubeba abiria 101, kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimebakiza mita chache kufika Ukara, kimejaa kupita kiasi, na watu zaidi ya 220 wakafa. Mombasa wana tarehe yao pia, 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe, watu 272. Gari moja linaloteremka katikati ya watu waliobanana linaweza kuanzisha mkimbio, na mkimbio ukaua watu ambao gari lisingewagusa.

Kikao chenyewe kilikaa nyumbani kwa mwenye gari, Pasua, hapa Moshi. Dereva alikuja na baba yake mdogo. Niliongea mambo mawili. La kwanza, hendibreki ilikuwa nzima na ilivutwa. Alama za dramu kuteleza hazikuwapo, na tairi la kushoto kuzunguka mbele lisingewezekana kama propela ingekuwa huru, maana hapo matairi yote yangerudi nyuma pamoja na gari. Kwa maneno mengine, kile alichokiona kijana wa mkokoteni ni ushahidi kwamba dereva alisema kweli. La pili, hata kama angekuwa na kosa, mshahara haukatwi hivi hivi. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataka hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi akiwa kazini, ajulishwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, akubali kwa maandishi kukatwa, na makato yasizidi robo ya mshahara. Hapa hakuna hata barua moja iliyoandikwa.

Mwenye gari hakufurahi. Aliniambia, "Fundi, umenigeuzia kisa." Lakini ni mtu wa haki, na tairi alikuwa amelizungusha kwa mkono wake mwenyewe. Gharama akaibeba. Baba mdogo akamshukuru kwa heshima, dereva akarudi kazini Jumatatu.

Nililomwomba badala ya makato ni kabari. Duka lina za plastiki, nazo kwenye chuma chenye mafuta zinasukumwa kama sabuni. Tulizichonga mbili kwa mbao ngumu, zenye urefu wa kiganja na nusu, tukazipigilia chini vipande vya tairi kuukuu, meno ya mpira yakiangalia chini, na kuzifunga kamba ili zivutwe bila mtu kuingiza mkono. Tukazijaribu kwenye bamba nene la chuma tulilolimwagia maji na dizeli. Ya mpira ilishika. Ile ya mbao tupu iliteleza mara ya kwanza tu. Inawekwa nyuma ya tairi la upande mkavu, na kama pande zote zimelowa, zote mbili. Gari likiwa limeelekea chini, inawekwa mbele ya tairi. Gia na hendibreki vinabaki pale pale, havidharauliwi, ila visiachwe peke yake.

Kuna jambo moja ambalo hatukukubaliana na bado tunabishana. Mimi nasema dereva abaki kwenye usukani, mguu kwenye breki, kioo kimeshushwa chote, mkanda umefunguliwa, mlango haujafungwa kufuli, mpaka feri ifike. Dereva mwenyewe anasema hakuna mshahara wa kumkalisha mtu kwenye gari ambalo linaweza kuanguka baharini. Kama kabari zinashika, na ashuke kama abiria wengine. Namwelewa. Ila kabari zinaweza kurushwa na mtikisiko au kuondolewa na mtoto anayecheza, na mguu wa mtu aliye macho unajibu kabla gari halijatembea shubiri. Tulichokubaliana kwa sasa ni kwamba akipangiwa sehemu tambarare ya katikati anashuka, na akipangiwa kwenye mwinamo anabaki, na ana haki ya kumwambia mhudumu kwamba atasubiri feri inayofuata. Mwenye gari amekubali pia kwamba kusubiri huko hakutahesabiwa kuwa uzembe, na kwa safari za Ukunda zisizo na mtu wa kuchukuliwa kisiwani, gari linapita Dongo Kundu.

Kwa wenye Coaster, Dyna na Canter mnaosoma: kabla ya safari yenu ijayo ya majini, muulizeni fundi wenu hendibreki ya gari lenu inashika propela au inashika matairi. Kama ni propela, inueni nyuma yote mfanye kile kipimo cha kuzungusha tairi, dereva na tanboi wakiwapo.